Kamaeropsi bustanini: mwongozo kamili wa kupanda kichaka cha jamii ya minazi kinachostahimili jalidi

Ukiishi mahali ambapo umande hugeuka jalidi usiku, wengi watakuambia uachane kabisa na mimea ya jamii ya minazi. Kuhusu mnazi wenyewe, wamesema kweli: usiku mmoja wa jalidi kali unatosha kuumaliza. Lakini jamii hiyo ina spishi zaidi ya 2,000, na miongoni mwake kimo kichaka kimoja kigumu, chenye makuti ya duara yaliyopasuka-pasuka kama ya mkoma. Kikishakomaa, hulala nje kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri na asubuhi ukakikuta kizima. Jina lake la kisayansi ni *Chamaerops humilis*. Humu nitakiita kamaeropsi.

Nimeipanda, nikaipoteza, nikaipanda tena, na kilichonikaa ni hiki: baridi peke yake huiua mara chache. Kinachoiua ni baridi iliyoshirikiana na maji, ama yaliyotuama mizizini, ama yaliyojikusanya kwenye moyo wa mti, pale makuti machanga yanapochomozea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi utakayoisoma hapa ni kazi ya kuyaondoa maji hayo.

Ijue kwanza ilikotoka

Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, aliupa mmea huu jina lake mwaka 1753. *Chamaerops* limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha "chini, ardhini" na jingine "kichaka". *Humilis* ni Kilatini, "fupi". Kwao ni upande wa magharibi wa Bahari ya Mediterania: Moroko, Algeria na Tunisia kwa upande wa Afrika; Ureno, Hispania, kusini mwa Ufaransa na Italia, hasa Sicily na Sardinia, kwa upande wa Ulaya.

Huko huota kwenye majabali na miteremko ya mawe inayotazama bahari. Kiangazi chake ni kikavu kabisa, na mvua hunyesha wakati wa baridi. Msomaji makini atauliza: kama mvua yake ni ya wakati wa baridi, mbona nasema maji ya baridi yanaiua? Jibu liko kwenye mawe. Mvua ikikatika, maji yameshapita kitambo kati ya nyufa, na mizizi imebaki na unyevu bila kuzama. Ukiweza kuiga hilo tu, umeshafanya nusu ya kazi.

Mti mmoja hutoa mashina kadhaa kutoka chini, na kwa kawaida kichaka hufika mita 2 hadi 3 kwenda juu, na karibu upana huo huo. Hukua polepole mno. Anayetaka kivuli cha haraka atafute mmea mwingine. Huu ni wa mtu anayepanda akijua atakaa nao. Katika bustani ya mimea ya Padova, Italia, upo mmoja uliopandwa mwaka 1585, na bado uko hai ndani ya nyumba yake ya vioo. Goethe, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, alisimama akautazama mwaka 1786, akaondoka na mawazo kuhusu namna majani yanavyobadilika umbo, na tangu hapo watu huuita kamaeropsi ya Goethe.

Hatua ya 1: Chagua aina na mche

Aina ya kawaida ina makuti ya kijani. Ipo nyingine, *argentea* (wengine huiita *cerifera*), inayotoka milima ya Atlas nchini Moroko, yenye makuti ya buluu-fedha kwa sababu ya nta inayoyafunika. Ni nzuri ajabu, na hukua polepole kuliko hata ile ya kijani. Ya tatu ni 'Vulcano', fupi, iliyobanana, yenye miiba michache. Kama bustani yako ina watoto wanaokimbia huku na huko, anza na hiyo.

Unapochagua mche kitaluni, usivutiwe na urefu. Tazama haya:

- Kuti changa lililofumba katikati. Lishike kwa vidole viwili ulivute taratibu. Likiwa imara, moyo ni mzima. Likichomoka, achana na mche huo hata ukipewa bure.
- Idadi ya vichipukizi chini. Mche wenye vitatu au vinne una akiba; nitaeleza baadaye kwa nini.
- Mizizi. Mche uliokulia chunguni na kushika udongo wote ni bora kuliko ule uliong'olewa shambani juzi mizizi ikakatwa.
- Matundu kwenye makuti. Hili linahitaji maelezo yake.

Yuko nondo wa Amerika Kusini anayeitwa *Paysandisia archon*, aliyefika Ulaya akiwa amejificha ndani ya miti iliyosafirishwa, na kamaeropsi ni mojawapo ya miti anayoipenda zaidi. Kiwavi wake hutoboa kuti likiwa bado limefumba. Kuti likifunguka, lile tundu moja limekuwa matundu mengi yaliyojipanga kwa upinde, kama karatasi iliyokunjwa, ikatobolewa, kisha ikakunjuliwa. Ukiona mstari wa namna hiyo, ukaona na unga kama wa msumeno kati ya vikonyo, kiwavi yumo ndani ya shina, na mche huo usiingie bustanini mwako.

Hatua ya 2: Tafuta mahali

Kamaeropsi inataka jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Kivulini haifi, ila hunyong'onyea, na vikonyo hurefuka vikaanguka huku na huko. Mahali pazuri kuliko pote ni karibu na ukuta unaopigwa na jua mchana, kwa kuwa ukuta hutunza joto na kulirudisha usiku.

Usipande bondeni mwa kiwanja. Hewa baridi hutiririka kama maji, ikakaa sehemu ya chini kabisa. Jalidi ya hapo huweza kuwa kali wakati hatua 20 tu juu yake hakuna kitu. Usipande chini ya ukingo wa paa wala karibu na mfereji wa bati. Upepo wa bahari na chumvi yake hauisumbui.

Kisha pima njia. Vikonyo vina miiba migumu pande zote mbili, na kichaka kitatanuka. Acha angalau mita 1.5 kati yake na mahali watu wanapopita. Nimeona vichaka vizuri vikikatwa hovyo kila mwaka kwa sababu tu vilipandwa kando ya mlango.

Hatua ya 3: Pima udongo unavyopitisha maji

Usiiruke hatua hii hata kama una haraka.

Chimba shimo la kina cha sentimita 40. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze mara ya pili na uanze kuhesabu muda. Yakiisha ndani ya saa 2 au 3, udongo wako unafaa na unaweza kupanda moja kwa moja. Kama kesho yake asubuhi bado unaona maji, hapo ni udongo wa mfinyanzi, na usipande ndani ya ardhi hiyo kabisa. Panda juu yake.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchimba shimo refu kwenye mfinyanzi, akamwaga changarawe chini, akaamini ametengeneza njia ya maji. Ametengeneza ndoo. Maji ya kiwanja kizima yatatiririkia kwenye shimo lile laini, yakakosa pa kutokea, na mizizi itakaa ndani yake majira yote ya baridi.

Badala yake, inua tuta la mviringo la kimo cha sentimita 30 hadi 40 na upana wa mita 1.5 au zaidi. Lijenge kwa udongo wa pale pale uliochanganywa na mchanga wa chembe kubwa au kokoto ndogo, karibu theluthi moja, na mboji kidogo tu. Mboji nyingi hunyonya maji na kuyashikilia, nasi hatutaki hivyo. Chokaa ardhini si tatizo. Majabali mengi ya kwao ni ya chokaa.

Hatua ya 4: Panda

Panda mwanzoni mwa miezi ya joto, jalidi ya mwisho ikishapita. Mizizi ya jamii hii hukua udongo ukiwa na joto, na mche unahitaji miezi yote ya joto kujishikiza kabla ya baridi yake ya kwanza. Anayepanda mwishoni mwa msimu, hata kwa ustadi mkubwa, anaupeleka vitani mche usio na mizizi.

Mwagilia mche chunguni siku moja kabla. Chimba shimo la upana mara mbili ya chungu, lakini kina kiwe sawa na cha chungu, kisizidi. Vaa glavu nene, funga makuti kwa kamba ili yasikuchome, laza chungu ubavu na uutoe mche bila kuvuta shina. Usiikate wala kuipasua mizizi.

Uweke ili uso wa udongo wa chunguni ulingane na uso wa ardhi, au uzidi kidogo juu. Kuzika shina ili mti "ushike vizuri" ni kuunyima hewa. Makuti mapya yatatoka ya manjano na utadhani ni njaa ya mbolea. Rudisha udongo, ushindilie kwa mkono, usiukanyage. Mwagilia lita 15 hivi taratibu, hadi udongo utulie. Tandaza matandazo ya majani makavu au magome, unene wa sentimita 5, ukiacha kiganja kimoja kitupu kuzunguka mashina.

Hatua ya 5: Maji na chakula

Miezi 2 ya kwanza, mpe ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki kukiwa na jua kali; baada ya hapo mara moja kwa wiki hadi baridi ianze. Kabla ya kumwaga, ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, ahirisha. Mwaka wa pili mwagilia tu ukame unapozidi wiki 2, na kuanzia wa tatu, kwenye sehemu nyingi, mvua zinatosha. Mwagia udongo, usimwagie katikati ya makuti.

Mbolea iwe ya kuyeyuka polepole, yenye potasiamu nyingi na magnesi. Mchanganyiko unaopendekezwa sana Florida kwa miti ya jamii hii ni sehemu 8 za naitrojeni, 2 za fosforasi, 12 za potasiamu na 4 za magnesi. Itie mwanzoni mwa joto na katikati yake, kisha acha wiki 8 kabla ya jalidi ya kwanza, kwa sababu kuti laini lililochochewa na mbolea ndilo la kwanza kuungua.

Makuti yenyewe yatakueleza kinachokosekana. Makuti ya zamani yakiota vidoa vya manjano au rangi ya chungwa huku ncha zikikauka, kumepungua potasiamu. Yakiwa na ukanda mpana wa manjano pembeni na kijani katikati, ni magnesi. Makuti mapya yakitoka madogo, yamejikunja na kukauka kama yaliyoungua, ni manganizi. Na makuti mapya yakitoka manjano kote, kabla hujafikiria madini yoyote, kagua kama umepanda kwa kina mno au maji yametuama.

Hatua ya 6: Kupogoa, kwa kujizuia

Kata kuti lililokauka lote hadi kikonyo. Lenye manjano liache. Mti upungukiwapo potasiamu huivuta kutoka kwenye makuti ya zamani na kuyapelekea machanga. Ukiyakata, utaanza kuvuta kwenye yanayofuata, na kila mwaka taji litazidi kuwa dogo. Vaa glavu, mikono mirefu na miwani ya kukinga macho. Mwiba wa jichoni si jambo la kujaribu bahati.

Je, vichipukizi vya chini viondolewe ili shina moja lisimame kama mti? Inawezekana, na wapo wanaopenda sura hiyo. Mimi siwashauri wenye jalidi kufanya hivyo. Kila shina la kamaeropsi lina moyo mmoja tu, ule ambao kwenye mnazi huitwa shaha. Moyo ukifa, shina lote limekufa. Haliwezi kuchipua ubavuni kama mwembe. Kinachoiokoa kamaeropsi ni wale ndugu wa chini. Huko kwao moto wa nyika ukipita, kichaka huteketea chote juu kisha kikachipua tena kutoka chini. Ukiondoa vichipukizi, umebaki na shina lisilo na akiba.

Hatua ya 7: Kuivusha baridi

Mti uliokomaa ardhini kwa miaka mitatu au zaidi, ukiwa mkavu, hauhitaji chochote hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. Mche mchanga ufunike kila usiku unaotarajia jalidi. Baridi ikikaribia 10 chini ya sifuri, funika hata mkubwa.

Kwanza, ongeza matandazo yafike sentimita 15 kuzunguka kichaka, juu ya mizizi, bila kugusa mioyo. Pili, kusanya makuti juu kwa kamba laini, ukianza chini ukizunguka kwenda juu, hadi yawe kama fungu la kuni. Hivyo makuti ya nje yanaukinga moyo. Tatu, zungushia kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, au gunia. Usitumie nailoni: unyevu hujifungia ndani, na jua likitoka, kifuniko hugeuka jiko. Nne, kama majira yako ya baridi ni ya mvua, simamisha juu yake kipande cha bati au ubao kwenye miti minne, pande zikiwa wazi. Kipaa hicho kimeokoa miti mingi kuliko kitambaa chochote. Theluji ikianguka, ikung'ute kabla haijaganda katikati.

Joto likirudi juu ya sifuri kwa siku kadhaa, fungua. Mti uliofungwa mfululizo kwa miezi huota ukungu.

Moyo ukioza

Kamaeropsi yangu ya kwanza niliipanda mahali ambapo tone la paa lilikuwa likiangukia. Wiki kama tatu baada ya jalidi kubwa, makuti ya nje yalikuwa ya kijani safi, nami nikashukuru. Kisha nikashika lile kuti changa la katikati, likachomoka mkononi bila ukinzani wowote. Chini lilikuwa la kahawia, laini kama ndizi iliyovunda, na harufu yake ilikuwa kali kiasi cha kunifanya nigeuze uso. Tundu lililobaki lilikuwa limejaa maji.

Ukikutana na hali hiyo, usiung'oe mti. Kausha tundu kwa kitambaa kilichoviringwa kwenye kijiti. Kata sehemu zote laini hadi ufikie tishu ngumu nyeupe. Mimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Itatoa povu, likitulia kausha tena. Nyunyiza dawa ya ukungu yenye shaba, kisha funika juu ili mvua isiingie, na urudie baada ya wiki moja au mbili. Mara nyingi, joto likishakolea, kuti jipya hutokeza, la kwanza likiwa fupi na lenye kingo zilizokatika, yanayofuata yakiwa mazima. Shina lile la kwangu halikurudi. Lakini kutoka chini yake vilikuja vichipukizi viwili, na kichaka nilicho nacho leo ni hivyo.

Wadudu

Mbali na yule nondo, mwogope fukusi mwekundu, *Rhynchophorus ferrugineus*, ambaye buu wake hula moyo kutoka ndani. Dalili za wote wawili hufanana: unga wa msumeno, makuti yaliyotafunwa, moyo kulegea. Njia inayotumika bila sumu kali ni nematodi, minyoo isiyoonekana kwa macho ya spishi *Steinernema carpocapsae*, inayochanganywa na maji na kumiminwa kwenye moyo siku isiyo na baridi wala jua kali. Usikate makuti mabichi wakati wa joto, maana harufu ya kidonda humvuta fukusi. Vidung'ata na wadudu gamba hushambulia zaidi miti iliyo ndani au chunguni. Sugua kwa maji ya sabuni.

Si kila fukusi ni adui, hata hivyo. Yupo mmoja mdogo, *Derelomus chamaeropsis*, anayechavusha maua ya mmea huu. Wakati wa maua, makuti yenyewe hutoa harufu inayomwita, kazi ambayo kwa mimea mingi hufanywa na ua.

Chunguni

Inakubali chungu vizuri, na kwa mwenye baridi kali mno ndiyo njia pekee ya hakika. Chagua chungu kizito chenye matundu makubwa, udongo uwe nusu kokoto ndogo. Kumbuka kwamba mizizi ya chunguni huganda upesi kuliko ya ardhini, hivyo baridi ikipita nyuzi 4 chini ya sifuri, kisogeze kwenye banda lenye mwanga na maji uyapunguze hadi tone. Hamisha chungu kikubwa kila baada ya miaka 3 au 4.

Kuanzia mbegu

Kutenganisha vichipukizi kunavutia, lakini vingi hufa kwa kukosa mizizi yao wenyewe. Mbegu ni bora. Kwa kawaida miti ya kiume na ya kike ni tofauti, kwa hiyo unahitaji yote miwili kupata matunda. Tunda lililoiva huwa la rangi ya chungwa hadi kahawia, na nyama yake hunuka kama siagi iliyochacha. Ivue yote, loweka mbegu siku 2 ukibadilisha maji, kisha zifukie sentimita 2 kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, penye joto la nyuzi 25 hadi 30. Tumia vyungu virefu, maana mzizi hushuka kwanza.

Subiri miezi 2 au 3, nyingine huzidi hapo. Kitakachochomoza hakitakuwa na umbo la kuti hata kidogo: ni jani moja jembamba lililosimama, la kijani, mfano wa jani la nyasi. Weka alama kwenye chungu ili mtu asije akaling'oa akidhani ni gugu.